"Aklamak" ya Kituruki: Kiingereza kimenipa maneno matano, Kiswahili nishike lipi?

binti_sinza

Wakuu, habari za jioni. Nina swali la lugha, si la udaku, ingawa limetoka kwenye tamthilia.

Natafsiri maandishi ya tamthilia za Kituruki, yale yanayopita chini ya kioo. Kituruki changu ni cha kuokoteza: miaka mitatu ya kusikiliza vipande vilevile usiku na hedifoni masikioni, mpaka mama akaniuliza kama nimeposwa huko. Kwa hiyo napewa sauti ya Kituruki pamoja na maandishi ya Kiingereza yaliyofanywa na mtu mwingine, mimi natoa Kiswahili. Mistari miwili, kila mmoja usizidi herufi 42. Zikizidi, programu inaupaka mstari rangi nyekundu.

Kisa ni hiki. Baba mhasibu alifungwa kwa wizi wa fedha kiwandani, akafia gerezani. Binti yake anarudi mjini amekuwa mtu mzima, anataka ukweli. Sasa kuna kitenzi "aklamak" kinanifuata kama deni la duka. Kwenye sehemu ya 14 peke yake nimekikuta mara tano, na mara zote tano Mwingereza ameweka neno jingine:

Binti kaburini: "Babamın adını aklayacağım." Kiingereza: "I will clear my father's name."

Wakili, akimzungumzia tajiri mwenye kiwanda: "Mahkemede aklandı." Kiingereza: "He was acquitted."

Polisi: "Burada para aklıyorlar." Kiingereza: "They're laundering money here."

Shangazi akimfokea mama: "Bana onu aklama!" Kiingereza: "Don't whitewash him to me!"

Tena binti, ameshika karatasi: "Bu belge babanı aklıyor," anamwambia mdogo wake. Kiingereza: "This document exonerates your father."

Mimi nikajifanya mjanja. Nikasema kitenzi kimoja, neno moja. Kwa kuwa kwenye taarifa ya habari kesi za utakatishaji fedha hatuzikosi, nikaweka "kutakatisha" kote. Mstari wa kaburini ukasomeka "Nitalitakatisha jina la baba." Ofisini walicheka, mmoja akauliza kama marehemu alikuwa na akaunti Dubai. Kazi yote ikarudishwa, na malipo yakasogea mpaka mwisho wa mwezi.

Naomba anayekijua Kituruki cha kweli anisaidie. Hili ni neno moja lenye maana tano, au Mwingereza ndiye aliyejitungia? Na kwa Kiswahili nifanyeje?

jamaa_wa_ubungo

Weka "kusamehe" dada. Nani anasoma hayo maandishi? Watu wanaangalia nguo na majumba.

binti_sinza

Baba hakuiba, kaka. Asamehewe nini?

mtanga_wa_bursa

Dada, pole kwa malipo, hilo linauma kuliko kicheko. Nami niliwahi kuchekwa kwa kitenzi hichohicho, tena na wenye lugha yao.

Nilisoma uhandisi wa nguo Bursa. Mwaka wa tatu tukapelekwa mafunzo kwenye kiwanda cha kutia vitambaa rangi. Pamba ikitoka kwenye mashine ya kufuma haiwi nyeupe, huwa kama kanzu iliyokaa sandukuni miaka, na rangi haishiki vizuri mpaka ipikwe kwa dawa, hidrojeni peroksaidi. Mimi najua "ak" ni nyeupe. Najua pia kiambishi "-la" hugeuza jina likawa kitenzi: tuz ni chumvi, tuzlamak ni kutia chumvi, su ni maji, sulamak ni kumwagilia. Nikapiga hesabu zangu, nikamwendea msimamizi kifua mbele, nikamwambia jora namba saba bado "aklanmadı".

Yule mzee akaweka chini glasi yake ya chai. "Kumaş mahkemeye mi çıktı?" Kitambaa kimepandishwa mahakamani?

Kumbe kitambaa kinasemwa "ağartmak". Asili ni weupe uleule, ila kitenzi kilishika njia yake. Ukisema "aklamak", Mturuki anaona mtu aliyetuhumiwa, au fedha iliyotuhumiwa. Pamba haituhumiwi. Mpaka namaliza mafunzo pale waliniita avukat, yaani wakili.

Kwa hiyo jibu la swali lako la kwanza: ni neno moja, na maana ya chini kabisa ni kutia weupe. Nyeupe ya kila siku, ya shati na ya karatasi, wanasema "beyaz", ambalo wamelichukua kwa Waarabu. "Ak" ni lao la kale, nalo ndilo limebeba heshima. Ute wa yai ni "yumurta akı", bahari ya Mediteranea ni "Akdeniz", bahari nyeupe. Mtu akimaliza kazi bila doa husema ameimaliza "alnımın akıyla", kwa weupe wa paji la uso wangu. Hilo utakutana nalo tu kabla tamthilia haijaisha, usije ukatafsiri paji la uso.

Mwingereza wako hakujitungia. Lugha yake haina kitenzi kimoja cha kazi yote hiyo, kwa sababu kila neno lake limetoka kwenye picha nyingine. "Acquit" mwanzo wake ni mambo ya kulipa deni na kuachiwa, sasa hivi ni la mahakama: huwezi ukasema jirani yangu amenifanyia "acquit". "Exonerate" ndani yake kuna neno la Kilatini la mzigo, "onus". Ni kumtua mtu mzigo, na Waingereza hulitumia pale ushahidi unapoonyesha kwamba hakutenda kabisa. "Whitewash" ni chokaa ya ukutani. "Launder" ni dobi. Kamusi zitakuongezea "absolve", lakini hilo linanukia padri na maungamo. Mimi kwenye aklamak nalikwepa. Ukibanwa uchague neno moja tu la Kiingereza kwa mtu aliyesingiziwa, shika "clear". Linaingia kortini, linaingia mtaani, linaingia kaburini kwa huyo binti yako. Kwa fedha tu ndiyo haliendi.

Mitego miwili, halafu ninyamaze.

Wa kwanza, usichanganye na "akıl". Hiyo ni akili yetu hiihii, imetoka Kiarabu kama ya kwetu. Ikiongezewa viambishi inafanana na kitenzi chako kama pacha: "aklıma geldi" ni nimekumbuka, limenijia akilini. "Akla" peke yake yaweza kuwa "kwenye akili", na yaweza kuwa amri, msafishe! Mashine za kutafsiri zinateleza hapo, na mimi pia nimeteleza.

Wa pili ndio wenye utamu. Angalia mstari wa wakili, "Mahkemede aklandı." Hiyo "n" katikati, kwenye kitenzi kinachoishia na irabu, inafanya kazi mbili. Inaweza kuwa alisafishwa, inaweza kuwa alijisafisha. Mturuki anaachia sauti ya msemaji iamue. Kiingereza kimeamua kwa niaba yako kwa kusema "was acquitted", kikamfunga wakili mdomo. Sisi tuna "-w-" na tuna "-ji-", na tofauti yake kila mtu anaijua: "fulani amesafishwa" ni habari, "fulani anajisafisha" ni kejeli. Hebu rudi usikilize sauti. Huyo wakili anasema kwa kuripoti au kwa kubeua?

binti_sinza

Nimerudia mara tatu. Anasema huku anafunga faili na kucheka puani.

mtanga_wa_bursa

Basi jibu unalo.

karani_mstaafu_msa

Salamu zenu kutoka Mombasa. Nimesoma kwa raha. Mimi Kituruki sikijui, lakini nimekaa kortini miaka 31, kazi yangu ilikuwa kusimama kati ya hakimu anayesema Kiingereza na mshtakiwa asiyekijua. Neno "acquitted" nimelitoa kinywani mwangu mara nyingi kuliko jina la mke wangu.

Mwanangu binti, jambo ambalo watu hawalipimi ni kwamba mtu hutoka kizimbani kwa milango tofauti, na nje wote husema "ameachiliwa". Kwa sheria yetu ya Kenya, upande wa mashtaka ukiondoa kesi kwa kifungu cha 87(a) kabla hujajitetea, umeachiliwa, lakini kesho wanaweza kukushika tena kwa jambo lilelile. Ukitoka kwa kifungu cha 210, hakimu amesema huna kesi ya kujibu. Ukitoka kwa 215, umejitetea, korti imekusikiza, haikukupata na hatia. Mlango wa kwanza si sawa na hii miwili. Nimeona mama mmoja akipiga vigelegele kwenye ngazi kwa sababu ya 87(a), nami namtazama, sijui nimwambie sasa au nimwache afike nyumbani kwanza. Nikamwambia. Hakunishukuru.

Swali langu kwa huyu kijana wa Tanga: hilo aklandı ni neno la hakimu wa kwao, au ni la nje kwenye ngazi?

mtanga_wa_bursa

Shikamoo mzee. Umeuliza swali ambalo mimi lilinichukua miaka kulifikia. Ni la kwenye ngazi.

Hakimu wa Kituruki hutamka "beraat". Sheria yao ya mwenendo wa makosa ya jinai, namba 5271, kifungu cha 223, inataja sababu tano za kutoa beraat. Mojawapo ni kwamba imethibitika mshtakiwa hakutenda. Nyingine ni kwamba haikuthibitika kuwa alitenda. Zote mbili ni beraat, ila mtu akiwa na ile ya kwanza mfukoni anatembea tofauti na mwenye ya pili. Ikiwa mwendesha mashtaka hakuifikisha kesi mahakamani, hiyo si beraat, watu huiita "takipsizlik", hakuna ufuatiliaji. Magazeti na majirani ndio wanaoyachukua yote haya na kuyaita aklandı.

Na hapa kuna jambo linanichekesha kila nikilikumbuka. Nenda kwenye sheria yao ya makosa ya jinai, namba 5237, kifungu cha 282. Kosa la kusafisha mali iliyotokana na uhalifu linaitwa rasmi "aklama". Fedha imepewa lile neno zuri la weupe, mtu ameachiwa beraat. Sheria inajua ikisema mtu ni "ak" imesema zaidi ya inavyoweza kuthibitisha. Fedha haina paji la uso.

karani_mstaafu_msa

Marahaba, baba. Hiyo beraat nimeitambua hata bila ya kamusi. Ni baraa ya Kiarabu, ile ya Suratut Tawba ambayo jina lake la pili ni Suratul Baraa. Ila pale mwanzo wa sura maana yake ni kujitoa, kujivua dhima kwa watu waliovunja ahadi. Waturuki wakaichukua ikawa mahakama inamtoa mtu kwenye dhima. Dhima ndilo neno ningelitaka vijana wa tafsiri walirudishe, limelala bure.

mtanga_wa_bursa

Kweli mzee, na kuna "ibra", ndugu yake wa tumbo moja. Hilo ni la mikutano mikuu: wanachama wakipokea hesabu za viongozi wao, wanawa-ibra, wanawavua dhima ya mwaka ule. Mwaka 2019 mkutano mkuu wa Galatasaray uliupitisha uongozi upande wa fedha ukaunyima ibra upande wa utawala, nchi nzima ikawa inajadili neno la wahasibu. Kiingereza chake ni "discharge". Dada, ukikuta "ibra" usiweke "aliachiwa huru", hakuna aliyekuwa amefungwa.

kijiweni_kariakoo

Mmefika kwenye mpira, nami nimeamka. Mtanga, ile ya Fenerbahçe ilikuwaje? Tulipokuwa tunamfuatilia Samatta kule mwaka 2020, Waturuki kwenye maoni walikuwa wanatukanana kuhusu kesi, mimi sielewi kitu.

mtanga_wa_bursa

Ndiyo mfano wenyewe, mkuu. Julai 2011 rais wa klabu wa wakati ule alikamatwa kwa tuhuma za kupanga matokeo ya mechi. 2012 akahukumiwa miaka 6 na miezi 3. Kesi ikasikilizwa upya, na Oktoba 2015 akapata beraat. Lakini katikati hapo, 2013, UEFA walikuwa wameifungia klabu mashindano ya Ulaya na mahakama ya usuluhishi ya michezo kule Uswisi ikaibariki adhabu. Misimu ile haikurudi. Shabiki wa Fenerbahçe atakwambia "aklandık", sisi tumesafishwa, huku ngumi ameikunja. Shabiki wa Trabzonspor, waliomaliza wa pili msimu wa 2010/11 kwa pointi zilezile, mwambie neno hilo kama hutaki kumaliza chai yako. Kitenzi ni kilekile, ila yeye anakisikia kama yule shangazi wa tamthilia: mnampaka mtu weupe.

Nikiandika habari hiyo kwa Kiingereza ningesema "acquitted" na nisingesogea hatua moja zaidi. "Exonerated" ningeliweka kwenye kesi nyingine, ile ya maofisa wa jeshi iliyoitwa Balyoz, yaani nyundo kubwa. Washtakiwa zaidi ya mia tatu walihukumiwa 2012 kwa njama ya mapinduzi, ushahidi mkubwa ukiwa CD zilizodaiwa kuandikwa 2003. Wataalamu walipozifungua ndani wakakuta alama za Office 2007, hadi mwandiko wa Calibri uliokuja na programu hiyo. Hati ya 2003 imeandikwa kwa herufi ambazo zilikuwa bado hazijatoka! Machi 31, 2015 washtakiwa 236 walioshtakiwa upya wakapewa beraat wote. Pale si kwamba ushahidi ulipungua, wenyewe ulioza. Ndipo "exonerate" linapopata kazi yake, na ndiyo kazi ya ile karatasi ya binti wa tamthilia.

binti_sinza

Wakuu, nimepiga mstari kwenye daftari mpaka kalamu imeisha wino. Nimekaa nimeandika upya. Nipimieni:

Kaburini: "Nitalisafisha jina la baba yangu."

Wakili: "Mahakamani alijisafisha."

Polisi: "Humu wanatakatisha fedha."

Shangazi: "Usimpake chokaa mbele yangu!"

Karatasi: "Hati hii inamwondolea baba yako lawama." Hii ina herufi 39, imeponea chupuchupu.

Chokaa nimeitoa kwenye Injili, yale makaburi yaliyopakwa chokaa, nje mazuri ndani mifupa. Nilitaka kuweka "usimkoshe" nikaona watu wa bara watadhani anaogeshwa.

mtanga_wa_bursa

Chokaa imenipendeza kuliko Kiingereza. Mwingereza ametumia chokaa hiyohiyo, lakini kwao "whitewash" limekauka, mtu halioni tena tope jeupe. Kwetu ukuta bado unapakwa Idi ikikaribia.

"Kusafisha" mbili za juu ni sawa kabisa. Tena umepata bahati: msikilizaji akisikia "nitalisafisha" kaburini na "alijisafisha" kwa wakili, anapata ule mwangwi wa Kituruki ambao Kiingereza kiliupoteza.

karani_mstaafu_msa

Mimi nina neno na huo wa mwisho. "Lawama" ni nyepesi, mwanangu. Lawama ni ya kuchelewa harusini. Huyu amefia jela. Na umesema hati yenyewe inaonyesha hakutenda, si kwamba hakupatikana. Ningekuwa mimi niko pale kati ya hakimu na familia, ningesema wazi wazi: "Hati hii inaonyesha baba yako hakuiba." Hesabu herufi.

binti_sinza

38, mzee wangu! Imepungua moja. Na nimejaribu kuisoma juu ya picha: mdogo wake anaanza kulia hasa pale kwenye "hakuiba". Kwa Kituruki "aklıyor" iko mwisho wa sentensi vilevile, kwa hiyo neno na chozi vinakutana. Kiingereza kilikuwa kinamaliza na "your father" na mtoto analia bila sababu.

Ila nina wasiwasi: Mturuki akisikia "aklıyor" hasikii "hakuiba", si nimeongeza?

mtanga_wa_bursa

Umeongeza kitendo, umepunguza weupe. Kwa mstari ule mmoja nakubaliana na mzee. Weupe umeshaulipa kwenye mistari miwili mingine.

karani_mstaafu_msa

Na msimamizi akirudisha tena mwambie kuna mzee Mombasa alisema.

jamaa_wa_ubungo

Nimesoma yote hadi hapa, mnisamehe kwa ile "kusamehe". Swali moja: huyo binti mwishoni anaolewa na mtoto wa tajiri au haolewi?

binti_sinza

Sijui kaka. Ya 15 wanaleta faili kesho.